Jina Ambalo Mapendo Hakuweza Kulitaja

Esperance, siku ya sherehe yako uliponipa kipaza sauti, nikaomba sala fupi na kurudi kukaa, watu walidhani mama mzee amechoka. Mchungaji hata alinitetea, akasema miguu inanisumbua. Miguu yangu haina neno. Nilikuwa na hasira, na sikutaka kuimwaga mbele ya keki yako na mbele ya mama yako aliyeshonesha kitenge kipya kwa ajili ya siku hiyo. Kwa hiyo nakuandikia. Nawaandikia na wenzako wote mliopanda vyeo hapa Buffalo, na wale wa Columbus na Louisville ambao najua mtarushiana haya kwenye simu kabla hata hamjayasoma mpaka mwisho.

Kilichonikasirisha ni sentensi moja. Ulisimama pale umependeza, ukatuambia kuanzia Jumatatu wewe ni meneja wa ghorofa nzima katika nyumba ya wazee ya serikali, na kwamba wafanyakazi wako wasiwe na hofu kwa sababu mlango wako utakuwa wazi siku zote. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaangalia sahani yangu. Sentensi hiyo niliwahi kuisikia vilevile kutoka kwa meneja mmoja Louisville, Bwana Keller, na chini ya uongozi wake tulimpoteza mzee wa watu wetu, na mwanamke aliyekuwa akimtunza akavunjika moyo mpaka leo. Na Keller hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Mtu mbaya unamjua mapema, unampisha njia.

Wengi wenu mnanijua kama mama wa kanisani anayegombana na watoto wanaotafuna bazoka wakati wa mahubiri. Kazini hamkunijua. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, na Kiswahili changu ni cha shule ya kambini, ndiyo maana Wakongo hunitania kwamba naongea kama redio. Tangu nifike nchi hii mpaka mgongo uliposema basi, nilifanya kazi moja: msaidizi wa wauguzi. Kuosha, kuvalisha, kulisha, kugeuza mtu kitandani asipate vidonda. Nilianzia Louisville, nikaenda Columbus, nikamalizia hapa Buffalo, na kila mahali palikuwa pa serikali, pale wanapoletwa watu wasio na mahali pengine.

Kazi hiyo ina ujuzi wake, msiidharau. Kitambaa cha kumwoshea mzee unakijaribu kwanza ndani ya mkono wako, pale ngozi ilipo laini, kwa sababu viganja vyetu vimeshakufa ganzi kwa maji ya moto na vinadanganya. Mtu asiyesikia humshiki begani kutoka nyuma. Unazunguka akuone uso. Anayekataa chakula humwekei kijiko mdomoni. Unakaa chini, kichwa chako kiwe chini ya chake, halafu unasubiri. Nimewafundisha hayo wasichana wengi. Ila sikuwahi kupata nafasi ya kumfundisha meneja hata mmoja, na mameneja nimewaona wengi kuliko madaktari. Walikuwa wanabadilishwa kila mara, na kila mpya alikuja na mabango yake ya kubandika ukutani.

Nianze na wa kuchekesha, hasira isije ikanipanda mapema. Hapa Buffalo tulikuwa na mkurugenzi mmoja aliyependa kutuita mashujaa. Theluji ikaja ya kufunga njia, barabara ya Bailey haipitiki, na sisi tuliokuwa ndani tukabaki ndani, zamu juu ya zamu, tunalala kwa zamu kwenye viti vya chumba cha mazoezi na kula biskuti za wagonjwa. Yeye alikuwa kwake. Alituita kwenye mkutano wa video, tukasimama wote mbele ya simu moja, na kabla hajafungua mdomo paka wake akapanda mezani, akakaa mbele ya kamera. Tukaonyeshwa mgongo wa paka muda wote bosi akitusifu. Mwenzangu mmoja Mkongo, mama mtu mzima ambaye uchovu ulikuwa umemtoa hata aibu, akasema, "Bon, leo tumeona paka. Kesho pengine tutaona na bosi." Njia zilipofunguka tuliletewa piza, na ilikuwa imepoa. Tuliila, kwa sababu tulikuwa na njaa.

Lakini yule alikuwa mzembe tu. Keller hakuwa mzembe, alikuwa anafanya kazi kwa bidii.

Wakati huo, kule Louisville, nilikaa mtaa wa Beechmont, napanda basi kwenda kazini. Mapendo, ndiye yule aliyevunjika moyo, alikaa mtaa wa Highview na mumewe na watoto wao. Ni Mkongo wa milimani, Kivu Kusini, mwanamke mrefu, mpole, mwenye mikono ambayo wagonjwa waliipenda. Mumewe alikuwa ameumia mgongo ghalani, akiinua maboksi, kwa hiyo nyumba nzima ilimtegemea Mapendo. Yeye alifanya upande wa wanaume, mimi upande wa wanawake, na katikati kulikuwa na mlango mkubwa wa kusukuma. Tulionana wakati wa kula.

Siku moja aliletwa mzee kwenye upande wake, mzee wa milimani kama yeye, ambaye miguu ilikuwa imekataa na ambaye hakujua Kiingereza hata cha kuomba maji. Tulifurahi. Angalau atakuwa na mtu wa kuongea naye. Jina lake sitaliandika hapa, na mkifika mbele mtaelewa kwa nini. Mapendo hakuniambia wakati ule kwamba mzee huyo ni mdogo wa baba wa mumewe. Kwa Wamarekani huyo ni ami wa mume tu, si kitu. Kwa watu wa Mapendo huyo ni baba mkwe kamili, na mke hamwoni baba mkwe akiwa hana nguo, na jina lake halitamki. Si mbele yake tu. Halitamki popote. Sisi Warundi tunaijua desturi hiyo pia, ingawa kambini ililegea kwa sababu tulibanana mno.

Mapendo alijipangia mambo yake kimyakimya. Kumwosha mzee alimwachia mwenzake mwanaume, naye akachukua mgonjwa mgumu wa huyo mwenzake. Chakula alimpelekea mwenyewe, macho chini, wakaongea kidogo, mzee akala vizuri. Na wakati wa kukabidhiana zamu, pale mezani kwa muuguzi ambapo kila msaidizi anasema mgonjwa gani amebadilika na amebadilikaje, Mapendo alitaja namba ya chumba. Wote tulitaja namba. Kazi ikaenda.

Ndipo Keller akarudi kutoka semina. Alituita kwenye ukumbi wa kulia, kuna donati na kahawa, akasema kuanzia leo hakuna kumwita mtu kwa namba. Hawa ni watu, alisema, kila mmoja ana jina lake, na jina hilo tulitaje kamili kila tunapomzungumzia. Bango likabandikwa siku hiyohiyo. Nawaambia ukweli, mimi nilikubali kwa moyo wote. Nilikulia kambini, najua kuitwa namba kulivyo. Sheria yenyewe haina kosa, na kama Esperance utaiweka kwako nitakupongeza.

Halafu Keller akauliza, "Kuna mwenye swali?"

Ukumbi kimya. Wakongo wakatikisa vichwa kukubali, Warundi tukatikisa, mabinti wa Nepali wakatabasamu. Akasema, "Kama kuna lolote, mlango wangu uko wazi." Akachukua donati yake akaenda zake, ameridhika.

Hapo ndipo mnaponitia hasira ninyi vijana, kwa sababu mnajua vizuri kimya kile kilikuwa na maana gani. Mmekaa kwenye vikao vya baba zenu. Mkubwa akishatoa neno mbele ya watu, nani anainuka kumwambia hapana? Sisi tukiitika mbele ya mkubwa tunamheshimu, basi. Hatujasema tumeelewa wala hatujasema tutaweza. Ninyi mnalijua hilo tangu tumboni, halafu mnapewa kadi ya umeneja shingoni na mnalisahau ndani ya wiki moja. Keller angalau hakulijua.

Mapendo, basi, akabaki bila njia ya kumsema mzee. Namba imekatazwa, jina haliwezekani. Kwa siku za kwanza akawa anamwonyesha kwa mkono, au anasema kwa Kiingereza chake "papa wa dirishani," yaani yule baba mwenye kitanda dirishani. Muuguzi wa zamani alimjua, alielewa. Lakini muuguzi yule akaacha kazi, na Keller hakumpata wa kuziba nafasi yake, akamwambia muuguzi wa upande wangu ashike pande zote mbili.

Alasiri moja Mapendo aliona mzee anakohoa kila anapokunywa maji, mwili una joto, na amezubaa. Wenye ujuzi mnajua hiyo ni hatari, maji yanaingia kusikotakiwa. Wakati wa kukabidhi akasema hivyo hasa, kwa Kiingereza kinachoeleweka: papa wa dirishani ana joto, anakohoa akinywa. Muuguzi akamwuliza, papa gani? Akasema, wa dirishani. Muuguzi akauliza jina. Mapendo akarudia, wa dirishani, akanyoosha mkono kuelekea kwenye ujia. Muuguzi alikuwa na pande mbili, simu inaita, mtu analia. Akaenda, akamkuta mzee mmoja Mmarekani ambaye kitanda chake nacho kipo dirishani, akampima, hana joto. Akaendelea na mengine. Asubuhi mzee wetu alikutwa anahema kwa shida, akakimbizwa hospitali na nimonia.

Keller alimwita Mapendo ofisini. Kwanza walitumia mkalimani wa simu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kimenyooka, kina maneno ya vitabuni. Baadaye Mapendo aliniambia, "Mama Neema, ule sikumusikia. Anahubiri ao anauliza?" Basi nikaletwa mimi kutoka upande wa wanawake, na glovu bado mkononi. Kulikuwa na Keller, na mama mmoja wa idara ya utumishi, na Mapendo ameketi kwenye ncha ya kiti.

Keller akaniambia nimwulize kwa nini hakutaja jina la mgonjwa. Nikauliza. Mapendo akainama.

"Mama Neema, wewe unajua," aliniambia. "Ule ni baba mukwe wangu. Njo mudogo ya baba ya bwana yangu. Jina yake ninaijua tangu niliolewa, lakini siwezi kuitaja. Hata nikiwa peke yangu mu chumba, siitaje."

"Mbona hukumwambia bosi siku ile ya mkutano?"

"Nimwambie je? Mukubwa ametoa neno mbele ya watu wote, na mie nisimame niseme hapana? Donc niliitika."

Nikamwelezea Keller yote, polepole, desturi ilivyo. Akasikiliza. Sitamsingizia, alisikiliza vizuri, akaegemea mbele, akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akasema anaheshimu sana utamaduni wetu, lakini usalama wa wagonjwa uko juu ya kila kitu, na kwamba hata hivyo haelewi, maana mlango wake ulikuwa wazi, kwa nini huyu mama hakuja?

Nikamwambia mlango wako uko ghorofa ya juu, nyuma ya mlango mwingine unaofunguka kwa kadi, na kadi zetu sisi haziufungui huo mlango. Mimi mwenyewe leo nimefunguliwa na katibu wako. Akamtazama yule mama wa utumishi, akasema hilo atalishughulikia. Sijui kama alilishughulikia.

Angeishia hapo ningemsamehe. Lakini alikuwa na wazo. Mameneja wa aina yake huwa na mawazo. Akasema hataki kumfukuza Mapendo, anajua ni mfanyakazi mzuri, anajua ana watoto. Anachotaka ni kuwa na hakika kwamba jambo hili halitajirudia. Kwa hiyo anamwomba kitu kidogo tu: alitaje jina la mzee, hapa, sasa hivi, mbele yetu. Akiweza kulitaja hapa, ataweza kulitaja kule chini. Kesho anaendelea na kazi, na yaliyopita yamepita.

Akaniambia, "Mtafsirie." Nikakataa. Nikamwambia hilo sitalitafsiri, nifukuze na mimi. Lakini Mapendo Kiingereza cha kiasi hicho alikielewa. Aliangalia ukuta, pale palipokuwa na picha ya Keller na watoto wake kwenye mashua. Nadhani aliwafikiria wa kwake. Halafu akalitaja jina la baba mkwe wake, kwa sauti ndogo sana.

Keller akainamisha sikio. Akasema hakusikia vizuri, alirudie kidogo.

Akalirudia.

"Safi sana," Keller akasema, na alitabasamu kwa moyo mweupe kabisa. "Unaona? Si vigumu."

Tulipotoka, Mapendo aliingia msalani, nami nikamfuata. Alifungua bomba, akasukutua mdomo, akatema, akasukutua tena. Nilimshikia mkoba.

Nisubirini kidogo, kwa sababu nikiendelea moja kwa moja nitaichana hii karatasi. Niwapeleke Columbus kwanza.

Columbus nilifanya kazi hospitali ya umma, na mkuu wa wodi yetu alikuwa muuguzi Mmarekani mweusi aliyeitwa Odessa, mwanamke mnene, mkali, mwenye viatu vilivyokwisha upande. Ofisi alikuwa nayo. Ilijaa maboksi ya nepi za watu wazima kwa sababu haikuwahi kukaliwa. Odessa ulimkuta kwenye ujia. Siku yangu ya kwanza alinipa kazi ya kumgeuza mgonjwa mzito, akanieleza, nikamjibu ndiyo, nimeelewa. Akanitazama kama mtu anayetazama mayai sokoni. Akasema, "Sikukuuliza kama umeelewa. Nionyeshe." Nikamwonyesha, na nilikuwa nimekosea mahali pa kuweka mkono, akanishika mkono akauweka panapofaa. Miaka yote niliyokuwa chini yake sikumsikia akiuliza kama kuna mwenye swali. Aliuliza maswali ambayo ndiyo na hapana hazikutosha kuyajibu. Mgonjwa gani leo anakushinda? Nani hapa hutaki kumshika, na nikikupa yeye utamkwepa vipi? Ukinificha, utanificha vipi? Mara ya kwanza nilidhani ananitega. Baadaye nikaona anataka kujua tu, na ukishamwambia alibadilisha mpango palepale, kwa kalamu, bila hotuba.

Alikuwa na ubaya wake pia. Alikuwa na mdomo mchafu, na ukichelewa alikusema mbele ya wagonjwa mpaka unataka ardhi ikumeze. Semina za uongozi alizikwepa zote, akisema goti linauma. Wakubwa hawakumpenda na hawakumpandisha cheo, na alipostaafu waliziba nafasi yake kwa kijana mwenye kompyuta mbili. Sisi tulilia.

Huyo Odessa nilimsimulia habari za Mapendo siku moja tukikunja mashuka. Nilimsimulia yote, Keller, bango, ile ofisi. Nilitegemea aseme pole, au amtukane Keller, maana matusi alikuwa nayo ya kutosha. Hakufanya hivyo. Aliuliza swali moja.

"Nyumbani, yule mwanamke alimwitaje yule mzee?"

Nikamjibu, "Baba Yona." Yona ni mtoto mkubwa wa yule mzee, yuko Australia. Wote kwenye ukoo walimwita hivyo, watoto kwa wakubwa, na Mapendo naye.

Odessa akaweka shuka chini. "Basi mngeandika Baba Yona pale juu ya kitanda," akasema. "Ni jina. Si namba."

Nilikaa juu ya kapu la nguo chafu. Nilikuwa nimebeba hasira yangu muda wote huo nikidhani ni mgongano mkubwa wa mila na sheria ambao mtu hawezi kuutatua. Ulihitaji kipande cha karatasi na mtu mmoja wa kuuliza. Keller alikuwa na shahada ukutani, alikuwa na moyo, alikuwa na semina, alikuwa na muda wa kutuletea donati, na swali hilo halikumjia. Mtu aliyelipwa kutuongoza aliweza kumwamuru mwanamke avunje heshima ya nyumba yake, lakini hakuweza kumwuliza nyumbani mnamwitaje. Nilikasirika upya kabisa, na Esperance, mpaka leo hasira hiyo haijatoka.

Sasa niwamalizie ya Louisville.

Mzee alirudi kutoka hospitali akiwa mwepesi, mifupa na ngozi, na akatakiwa kunywa maji yaliyotiwa unga yawe mazito, asipaliwe tena. Mapendo aliomba kuhamishwa upande wangu wa wanawake. Keller akakubali siku hiyohiyo, akamwambia kwamba amefurahi kumsaidia. Hakumwuliza sababu. Kisha akatoa agizo jipya, kila mmoja abaki upande wake, tusichanganye wagonjwa tena.

Mimi nilivuka mara chache, kinyume cha agizo, na nikaonywa. Mara moja nilimkuta mzee macho yakiwa mlangoni.

"Ule binti yetu, amegonjwa?" aliniuliza. "Simuoni."

Nikamwambia ni mzima, wamemhamisha tu.

Akasema, "Pengine nilimukosea. Muambie, kama ni mie nilimukosea, anisamehe."

Nikamfikishia Mapendo maneno hayo kama yalivyo. Alilia kwa sauti, sijawahi kumwona vile. Nikamsihi aende, hata dakika chache, nitasimama mlangoni nimlinde. Akakataa. "Nitaingia je?" alisema. "Jina yake iko mu kinywa yangu. Nitamuangalia na macho gani?" Nilimwambia mzee hajui, hakuwepo ofisini. Akanijibu kwamba yeye alikuwepo.

Familia walikuja Jumapili, mumewe Mapendo akitembea kwa shida, na Jumapili mzee alikula. Siku nyingine alilishwa na watu wema, nawaambieni walikuwa wema, ambao hawakujua kukaa chini ya kichwa chake na kusubiri, na ambao hawakuwa na neno lake hata moja. Neno moja walikuwa nalo. Keller alikuwa amemleta mtu wa kuwafundisha kulitamka jina la mzee, kila herufi, kwa heshima yake. Walijifunza kwa bidii. Kila kijiko walimwita kwa jina lake kamili, wakifungua mdomo wao ili naye afungue wake, na mzee, ambaye nyumbani hakuna mtu aliyemwita hivyo, akageuza uso ukutani. Kwenye faili waliandika kwamba amekataa chakula. Aliendelea kukataa hadi akatutoka, siku ya kawaida, adhuhuri, wakati magari ya chakula yanapita.

Mimi ndiye niliyempelekea Mapendo habari. Nilimkuta kwenye kabati la mashuka upande wetu, nyuma ya ule mlango wa kusukuma, hatua chache tu kutoka chumba cha mzee. Nilimwambia. Alishika ubao wa rafu.

Halafu akaniuliza, "Kuna mutu alikuwa anamusemesha?"

Nikamjibu ndiyo, mama. Walikuwa wanamwita jina lake.